Mshairi wa ng'ambo ya Ruvuma

Wiki hii nataka tumzungumzie mtu ambaye jina lake wengi wetu hapa Ufukoni tumewahi kulisikia, lakini ni wachache wanaojua kwamba alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwanasiasa. Mtu huyo ni Marcelino dos Santos wa Msumbiji, mmoja wa waasisi wa FRELIMO, aliyefariki dunia mjini Maputo tarehe 11 Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 90. Vyombo vya habari vilipotangaza kifo chake vilimtaja kama kiongozi, waziri na spika. Ushairi wake ulitajwa mwishoni, kama vile mtu anavyotajiwa mchezo alioupenda ujanani. Mimi naona hapo tulikosea mpangilio, na leo nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbushane kwamba mshairi ndani ya siasa si jambo geni kwetu. Sheikh Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitupatia kitabu cha sheria za kutunga mashairi, alikuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Saadan Abdu Kandoro, malenga wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU mwaka 1954. Kule Mombasa, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa siasa, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakawa diwani. Kwa hiyo Mswahili anapoambiwa kwamba jirani yake wa ng'ambo ya mto alishika kalamu kwa mkono mmoja na siasa kwa mkono wa pili, hana sababu ya kushangaa. La kushangaza ni kwamba jirani huyo alipita kwetu, akala chumvi yetu kwa zaidi ya miaka 10, na bado hatukumsoma.

Marcelino dos Santos alizaliwa tarehe 20 Mei 1929 huko Lumbo, bandari ndogo inayotazamana na Kisiwa cha Msumbiji. Alikulia Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Lisbon kusoma. Wareno walikuwa na hesabu yao katika kuwapeleka huko vijana wachache wa makoloni. Walitaka warudi wakiwa Wareno weusi, watumishi watiifu wa dola. Walijengewa hata nyumba yao ya kukutania, iliyoitwa Nyumba ya Wanafunzi wa Dola. Lakini ukiwakusanya vijana wenye uchungu mmoja chini ya paa moja, usitegemee wazungumzie mpira tu. Katika nyumba ile dos Santos alikutana na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Cape Verde, na Agostinho Neto wa Angola. Wote watatu waliandika mashairi, na wote watatu walikuja kuongoza vita vya ukombozi.

Kwa nini walianza na mashairi? Jibu lake ni rahisi. Chini ya utawala wa Salazar hapakuwa na chama cha siasa kilichoruhusiwa isipokuwa cha serikali. Magazeti yalipitiwa na wakaguzi kabla ya kuchapwa, na askari wa siri walikuwa kila mahali. Mtu asingeweza kuandika makala kudai uhuru wa Msumbiji. Lakini aliweza kuandika shairi kuhusu mama mweusi anayembembeleza mwanawe huku akimwotea maisha yaliyo bora kuliko yake. Mkaguzi akisoma ataona mama na mtoto, ilhali mwananchi anayesoma ataiona nchi yake. Sisi wa pwani tunaijua sana njia hiyo, maana mafumbo ndiyo silaha ya kale ya malenga wetu. Shairi hilo la mama mweusi dos Santos alilitunga kwa jina la Kalungano, ambalo ndilo alilolitumia katika mashairi yake mengi. Mengine yalitoka kwa jina la Lilinho Micaia, na kwa jina hilo mashairi yake yalichapishwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1959, wakati nyumbani kwao yasingeweza kuchapishwa kabisa.

Mwaka 1951 Lisbon ilikuwa imeanza kuwa moto kwake, akahamia Paris. Huko aliishi miongoni mwa waandishi na wanasiasa wa Kiafrika waliokuwa uhamishoni. Mwezi Aprili 1961, mjini Casablanca nchini Morocco, vyama vya ukombozi vya makoloni ya Kireno viliunda umoja wao, na dos Santos akachaguliwa kuwa katibu wake. Mwaka uliofuata alikuwa Dar es Salaam. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji vilivyokuwa nje ya nchi yao, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana kuwa FRELIMO, na Dk. Eduardo Mondlane akawa rais wa chama hicho. Dos Santos alishika mambo ya nje, kazi ya kuizungukia dunia akiieleza kwamba kuna nchi inaitwa Msumbiji na kwamba watu wake si Wareno.

Sasa ndugu wasikilizaji, hapa ndipo sisi wa kusini tunapoingia katika hadithi hii. Mpaka wa Ruvuma ulichorwa na Wajerumani na Wareno katika mkataba wa mwaka 1886, bila kumwuliza Mmakonde wala Myao wala Mmakua. Hata pale mdomoni mwa mto, Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikarudishwa kwa Wareno. Familia zililala upande mmoja zikaamka upande wa pili. Watu waliendelea kuvuka kwa mitumbwi kwenda harusini na misibani, na maelfu walivuka kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Humo ndimo walimojifunza Kiswahili, na humo ndimo walimoona TANU ikifanya mikutano ya hadhara, jambo ambalo kwao lilikuwa ndoto. Chama cha MANU kilitokana na watu hao hao, wengi wao Wamakonde.

Tarehe 16 Juni 1960 wananchi walikusanyika Mueda, upande wa pili wa mto, wakitaka kuzungumza na gavana wa Kireno. Walijibiwa kwa risasi. Habari za Mueda zilifika kwetu pamoja na wakimbizi. Kwa hiyo FRELIMO ilipoanza vita tarehe 25 Septemba 1964 kwa kushambulia kituo cha Chai katika jimbo la Cabo Delgado, watu wa Newala na Mtwara hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea, ambayo wakati huo bado ilikuwa katika Mkoa wa Mtwara, kabla Lindi haijawa mkoa wake mwaka 1971. Ilijulikana kama Farm 17. Jina hilo lilikuwa limeachwa na Waingereza na mradi wao wa karanga, ule ulioshindwa vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutuachia bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga iling'olewa, lakini shamba ambalo halikutoa karanga lilitoa askari walioikomboa nchi. Hapa Mtwara mjini FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi walivushwa mto, wakabebwa kwa machela na magari mpaka hapa. Wapo wazee wetu waliotoa damu, na wapo waliotoa mihogo. Vijiji vya kandokando ya mto vilionja mabomu ya Mreno kwa sababu tu ya ukarimu wao.

Katika mazingira hayo shairi lilibadilika. Lile la Lisbon lilikuwa la msomi anayemficha mkaguzi maana yake. Hili la Ruvuma lilikuwa la askari anayeimba ili asiogope. Mwaka 1971 FRELIMO ilitoa kitabu kidogo cha mashairi ya mapambano, na ndani yake hawakuwamo wakubwa peke yao, walikuwamo pia wapiganaji wa kawaida, wengine wakiwa wamejifunza kusoma na kuandika wakiwa kambini. Jorge Rebelo, mshairi mwingine, ndiye aliyekuwa mkuu wa habari wa chama, na jarida la FRELIMO la Kiingereza alilolisimamia lilitengenezwa Dar es Salaam na kusomwa Ulaya na Marekani. Samora Machel mwenyewe, kamanda mkali kama tulivyomjua, alimtungia mkewe Josina shairi la maombolezo baada ya kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971. Na Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru nafasi ya kuzungumza na watu wao, hivi kwamba mtu wa Mueda au wa Nampula aliweza kuisikia sauti ya FRELIMO usiku, redio ikiwa imefunikwa kwa nguo ili jirani mchongezi asisikie.

Jambo moja la mwaka 1970 linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Tarehe 1 Julai mwaka huo Papa Paulo wa Sita aliwapokea Vatican viongozi watatu wa vita dhidi ya Wareno: Cabral, Neto na dos Santos. Serikali ya Ureno, iliyojigamba kuwa inapigana kwa niaba ya Ukristo, ilighadhibika mno. Lakini tazama ni akina nani walioingia kwa Papa siku ile. Ni wale wale vijana watatu wa nyumba ya wanafunzi ya Lisbon, washairi wote.

Nimemsifu vya kutosha, na kama ningeishia hapa ningekuwa nimefanya kazi ya kasida, si ya historia. Yapo mambo mazito ambayo ni lazima tuyaseme, tena sisi hasa, kwa kuwa mengine yalitendeka katika ardhi yetu.

Vita vya ukombozi vilikuwa na vita vingine ndani yake. Mwaka 1968 Lázaro Nkavandame, mkuu wa FRELIMO wa Cabo Delgado, aligombana na uongozi kuhusu biashara, madaraka na jinsi vita vinavyoendeshwa. Ugomvi huo ulifika hapa Mtwara na kuwatia viongozi wetu katika kazi ya usuluhishi. Haukusuluhishika. Tarehe 22 Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Februari 1969, Dk. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. Uongozi ukawekwa mikononi mwa watu watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mchungaji Simango aliandika waraka akiwashutumu wenzake wawili, akaondolewa. Mwaka 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO na dos Santos makamu wake.

Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Lakini kabla ya bendera kupanda, Nachingwea ilishuhudia jambo lingine. Simango na wengine waliokamatwa walisimamishwa mbele ya umati wa wapiganaji, wakasomeshwa maungamo ya usaliti wao. Baadaye walipelekwa Msumbiji na kuuawa kwa siri, bila mahakama. Miongoni mwao walikuwamo Nkavandame na mwanamama Joana Simeão. Celina, mke wa Simango, naye aliuawa. Familia hazikuambiwa, na makaburi hayakuonyeshwa. Miaka mingi baadaye dos Santos aliulizwa katika televisheni ya nchi yake kuhusu mauaji yale, naye akayatetea kuwa yalikuwa haki ya mapinduzi.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo mimi ninapoachana na Mzee Kalungano. Siwezi kusema kwamba Simango na Nkavandame walikuwa malaika. Nkavandame alikwenda kwa adui wakati watoto wa watu wanakufa. Lakini mtu aliyetunga shairi la mama anayemwotea mwanawe maisha mema alipaswa kuwa wa kwanza kukumbuka kwamba kila aliyeuawa kwa siri ana mama yake, na kwamba mtoto wa Simango alikuwa na haki ya kujua lilipo kaburi la baba yake. Mkoloni alimpiga marufuku mshairi kwa kuogopa ukweli kusemwa. Mshairi huyo huyo akishika madaraka na kuona baadhi ya ukweli haufai kusemwa, ushairi wake unabaki umesimama upande mmoja na yeye upande wa pili.

Katika serikali ya Msumbiji huru dos Santos alikuwa waziri wa maendeleo na mipango ya uchumi. Mwaka 1977 FRELIMO ilitangaza kufuata siasa ya Marx na Lenin, naye alikuwa miongoni mwa wanafikra wakuu wa mkondo huo. Baada ya Samora kufariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, aliongoza Bunge mpaka mwaka 1994, uchaguzi wa vyama vingi ulipofanyika. Wenzake wengi waligeuka wafanyabiashara na kuusahau ujamaa kana kwamba haukuwahi kuwapo. Yeye hakugeuka. Unaweza kumlaumu kwa ukaidi, lakini huwezi kumlaumu kwa unafiki. Na mwaka 1987, akiwa na miaka 58, ndipo alipotoa diwani yake kwa jina lake mwenyewe, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Wimbo wa Mapenzi ya Asili. Chama cha waandishi wa Msumbiji ndicho kilichoichapisha. Fikirini mtu anayengoja mpaka ameshakuwa mkuu wa Bunge ndipo aweke jina lake halisi juu ya mashairi yake. Shairi lake linaloimbwa hadi leo linahusu kupanda, na linawahimiza watu wapande kila mahali.

Sasa je, sisi wa Ufukoni tumepanda nini katika kumbukumbu hii? Makaburi ya mashujaa wetu yapo Naliendele, na tunayaheshimu. Daraja la Umoja, wazo la Mwalimu Nyerere na Samora tangu 1975, lilifunguliwa Mtambaswala tarehe 12 Mei 2010. Hayo ni mema. Lakini nyimbo zilizoimbwa na watu waliovuka mto, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, ziko wapi? Kitabu cha mwaka 1971 kilikuwa cha Kireno. Dos Santos aliandika kwa Kireno. Lugha zilizoimbwa msituni na kandokando ya mto wetu hazikupata diwani yake hapa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza amekwisha kuvuka miaka 80, na kila mwaka tunawazika kadhaa pamoja na nyimbo zao.

Na hili si suala la wapenda mashairi peke yao. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado imerudi kuwa uwanja wa vita, safari hii ndugu kwa ndugu. Mwezi Oktoba 2020 moto huo uliruka mto ukafika Kitaya kwetu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mwezi Machi 2021 Palma ilishambuliwa, jirani kabisa na gesi ambayo kila mtu alitarajia ingeleta neema. Vijana wanaoshawishiwa kuingia katika vita hivi, wa upande ule na wa upande huu, wanapewa maneno matamu kuhusu dhuluma na heshima. Huwezi kuyashinda maneno hayo kwa doria peke yake. Unahitaji maneno mengine yaliyo ya kweli zaidi, yatakayomwambia kijana wa Kilambo au wa Nangade kwamba babu zake waliwahi kupigana pamoja, kwamba walijua wanapigania nini, na kwamba walilipa gharama gani walipoanza kuuana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo ninalo ombi. Walimu wetu wa Kiswahili, badala ya kuwapa wanafunzi insha ile ile ya faida za maji, wawatume kwa babu na bibi zao na daftari na simu ya kurekodia, waulize nyimbo za wakati wa vita vya Mreno. Halmashauri zetu zione kuwa kukusanya nyimbo hizo ni kazi ya maendeleo kama kuchimba kisima. Na wanaojua Kireno, ambao kwa kazi za mpakani wanaongezeka, watufasirie Kalungano kwa Kiswahili kizuri ili tumsome wenyewe. Tukimsoma, tumsome mzima, na shairi lake la mama na kimya chake kuhusu wale waliouawa. Historia yenye ukurasa uliochanwa humfundisha mtoto kwamba kuchana kurasa ni halali.